Kiti Kimoja cha Ndege ya Ziwani

Leo sina sungura wala fisi, watu wangu. Nina watoto watatu wa baba mmoja, shangazi yao, na ziwa la Kanada lisilofikiwa kwa barabara. Kaeni vizuri msikilize mpaka mwisho, maana nikifika mwisho kazi itakuwa yenu, nami nitakunywa chai yangu.

Mtoto wa kwanza aliitwa Asukulu, na kipaji chake kilikuwa mkono usiochoka. Ukimpa gogo na shoka butu ukaenda zako, ukirudi jioni unakuta kuni. Wa pili, Faila, alijaliwa ulimi. Aliweza kumwomba mtu kitu asichotaka kukitoa, na mtu huyo akamshukuru kwa kuombwa. Kitindamimba alikuwa Mangaza. Yeye hakupewa mkono wala ulimi, alipewa kutosahau. Ukimwagiza jambo la saa sita, saa sita limefanyika, hata kama wewe uliyeagiza umeshalisahau.

Shangazi yao Mwavita ndiye aliyewalea wote watatu, na aliwapenda sawasawa. Watu husema hivyo kila siku, lakini Mwavita alikuwa hivyo kweli. Akikata mkate, hakuna aliyewahi kulinganisha kipande chake na cha mwenzake. Aliwalea kwa sababu mama yao, Zabibu, hakuwapo, na nikishawaeleza kwa nini hakuwapo mtakuwa mmekielewa kisa chote.

Miaka ishirini na miwili nyuma, vita viliwakimbiza kutoka Mboko, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Faila, wa miaka sita, alitangulizwa mchana katika boti la jirani pamoja na masufuria. Jioni baba yao, Wilondja, aliingia mtumbwini na mkewe Zabibu, na Asukulu wa miaka minane, na Mangaza mchanga akiwa amefungwa mgongoni kwa mama yake. Walioingia walikuwa wanne. Walioshuka upande wa Kigoma walikuwa watatu. Zabibu hakuwamo, na Mangaza alikuwa kifuani kwa baba, amezungushiwa kitenge cha mama.

Kilichotokea katikati ya maji Wilondja hakukisema. Hakukisema kambini Kigoma, walikokaa miaka kumi na mitatu, wala hakukisema Kanada, walikopelekwa baadaye, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ontario wenye kiwanda cha mbao. Mwavita, dada yake wa tumbo moja, alikuwa amevuka wiki mbili baada yao. Alimuuliza mara moja tu.

"Dada," Wilondja alimjibu, "katika mtumbwi wa baba yetu, neno la majini lilisemwa majini. Na lilikuwa na masikio mawili tu, ya yule uliyeketi naye. Halikurudiwa nchi kavu. Nimepoteza kila kitu cha baba. Unataka nivunje na hilo?"

Mwavita hakuuliza tena. Wilondja alikuwa amevua miaka thelathini, migebuka na dagaa, lakini tangu siku ile hakugusa kasia.

Sasa miaka imekwenda, na mzee anapata presha ya macho. Siku moja Mangaza anampeleka kwa daktari, wanaketi kusubiri, na ukutani pana kalenda. Picha ya mwezi huo ni ya ziwa katikati ya msitu, na mtu amepakata samaki mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, mdomo bapa, meno ya kutisha. Wilondja akainuka, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Samaki gani huyu?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu samaki tangu Mangaza apate akili. Mangaza akamuuliza muuguzi, kisha akamtafsiria baba.

"Anaitwa maski, Baba. Wanasema ni samaki wa mitupo elfu kumi. Unatupa chambo mara elfu kumi ndipo umpate mmoja. Na wakimpata wanamrudisha majini."

"Wanamrudisha akiwa hai?"

"Akiwa hai. Ndiyo desturi yao."

Mzee aliitwa jina mara mbili akiwa bado anaitazama picha. Ndipo akasema, "Mimi nilichukua ziwani miaka thelathini, sikurudisha hata mmoja. Kisha ziwa likachukua kwangu. Nikilirudishia mmoja, mkubwa kama huyu, mahali pasipo na watu, nitasema habari za mama yenu. Nitamwambia atakayekuwa nami mtumbwini."

Ndani, daktari alisema macho yale yangefika Pasaka, yasivuke. Na hapo palikuwa na neno jingine la mtumbwi wa baba yake, ambalo Wilondja hakukubali lipindishwe: asiyeona haketi mtumbwini, kwa kuwa huwa mzigo kwa wenzake. Kwa hiyo kama ni kusema, ni kabla ya giza. Watoto walijaribu kwanza mto unaopita mjini. Mzee aliona boti za mashine na watu wanaochoma nyama, akasikia muziki, akasema, "Hapa ni sokoni," akarudi garini.

Ndipo watoto wale watatu walipogawana kazi.

Asukulu alichukua samaki. Alikuwa anafanya kazi kiwandani, kupanga mbao, na kila alipotoka zamu alikwenda darajani na fimbo ya kuvulia aliyoazimwa. Alitupa na kuvuta, akatupa na kuvuta. Mzungu mmoja wa kazini kwake alimfundisha jambo la ajabu: maski hukifuata chambo taratibu mpaka ubavuni mwa boti bila kuking'ata, anakiangalia tu. Mvuvi mgeni huinua fimbo na kuondoka. Mvuvi anayejua huzamisha ncha ya fimbo na kuzungusha chambo ndani ya maji kwa umbo la tarakimu nane, tena na tena, na hapo ndipo samaki hukata shauri. Asukulu alichora nane mpaka bega likavimba akawa analala ubavu mmoja. Alihesabu mitupo elfu tano na mia mbili bila kitu, kisha akaacha kuhesabu. Alipompata wa kwanza, alimtoa ndoana kwa koleo, akamshika majini mpaka akapata nguvu za kuondoka mwenyewe. Ndipo akaanza kumfundisha baba, nyuma ya nyumba, juu ya majani, bila tone la maji. Majirani walidhani mzee amerukwa na akili.

Faila alichukua mahali. Yeye ni mkalimani, huishi kwa maneno, na alipiga simu kambi za wavuvi ishirini na saba. Nyingine zilijaa, na nyingine zilisikia habari ya mzee anayepoteza macho zikakata simu kwa adabu. Ya mwisho ilikuwa ya mzee aliyeitwa Lyle, mwenye kibanda kimoja kwenye ziwa ambalo hufikiwa tu kwa ndege ya kutua majini. "Sichukui wagonjwa," alisema Lyle. Faila hakubishana. Aliendesha gari mwendo wa saa sita mpaka nyumbani kwake, upande huu wenye barabara, akaketi jikoni kwake, akanywa kahawa asiyoipenda. Lyle akamuuliza kwa nini lazima iwe huko, wakati Ontario imejaa maji. Faila akamwambia, "Baba yangu ana neno moja, na halisemeki penye watu." Yule mzee akafungua kalenda yake. Akampa wiki aliyokuwa amewawekea wanawe mwenyewe.

Mangaza alichukua macho. Chupa mbili za dawa, matone mara nne kwa siku, ya kwanza alfajiri, na kati ya chupa moja na nyingine dakika tano, si nne. Aliacha masomo ya chuo aliyoyaanza kwa sababu ratiba iligongana na tone la saa nane. Hakuna aliyemwagiza aache. Hakukosa tone siku ya homa, wala siku ya theluji iliyofunga milango, wala siku ya harusi ya rafiki yake, alipotoka na nguo yake ya usimamizi akarudi nyumbani, akatia tone, akarudi ukumbini. Pasaka ilikuja ikapita na mzee bado anaona. Mwezi wa nane daktari alipima, akapima tena, akasema, "Sijui mnafanya nini nyumbani. Endeleeni. Yatafika mpaka majani yaanguke, lakini msimu mwingine hayataufikia."

Basi mambo yalikuwa tayari. Tarehe imepangwa mwezi wa tisa, ndege kubwa ya viti sita, baba na watoto wote watatu. Walikubaliana kwamba ndani ya mtumbwi mmoja wote ni wa mtumbwini, na mzee alikubali. Kila mmoja angesikia kwa masikio yake.

Na hapa, watu wangu, aliingia Shangazi Mwavita.

Mwavita aliuza dagaa ufukweni Mboko miaka mingi. Anajua, kama kila mtu wa ziwa lile anavyojua, kwamba siku za mbalamwezi mvuvi wa dagaa hulala, kwa maana taa yake haina kazi mwezi ukiwaka. Siku za giza ndizo za samaki. Alitazama tarehe ukutani, akahesabu kwa vidole, akashtuka.

"Nani aliyewachagulia mbalamwezi?" aliuliza. "Mnampeleka kaka yangu akakae bure?"

Asukulu alikohoa. Alikuwa ameambiwa darajani mara nyingi kwamba maski hula vizuri zaidi mwezi ukiwa mpevu, na kwamba ndiyo sababu wiki zile hugombewa. Lakini huyu alikuwa shangazi aliyemlisha, na habari ilikuwa ya samaki na mwezi, na yeye alikuwa mtoto wa miaka minane alipoondoka ziwani. "Kweli, Shangazi," alisema. Mzee naye aliitikia kwa kichwa, maana hata yeye alijua giza tu.

Faila akapiga simu, akasogeza safari wiki mbili mbele, kwenye giza. Lyle alishangaa, lakini akabadilisha. Wiki ya mbalamwezi ikachukuliwa na wageni wengine kabla ya jua kuzama.

Siku ya tatu ikaja barua. Wiki ya giza haina wageni, Lyle aliandika, hivyo ndege kubwa inapelekwa matengenezo. Iliyobaki ni ndogo: rubani, abiria wawili na mizigo yao, safari moja, kwa kuwa rubani huyo huyo ana kambi nyingine za kufunga kabla ya baridi. Alisikitika sana. Abiria wa kwanza ni Wilondja. Wa pili, aliomba jina na uzito wake vijazwe katika karatasi aliyoambatanisha, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Mwavita alisomewa barua ile mara tatu. Alikwenda chooni akafunga mlango, akalia kwa aibu, mdomo ameuziba kwa khanga. Kama angenyamaza, wote wangeruka. Nami simcheki. Kosa lake ni la mtu anayejua kitu vizuri sana, ila anakijua kwa ziwa jingine.

Walijaribu kila mlango. Faila alimwomba Lyle, na kwa mara ya kwanza ulimi wake haukufua dafu, maana ndege haiongezeki kiti kwa kubembelezwa. Kisha wakamwendea mzee, wakamwomba achague mwenyewe.

Wilondja aliweka kikombe chini. "Mimi niliwahi kuchagua mtumbwini," alisema. "Sichagui tena."

Katika miaka ishirini na miwili lile lilikuwa neno la kwanza kutoka kwenye maji yale, na lilimtoka bahati mbaya. Asukulu alikaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Mzee naye alijua limemtoka, akageuza uso.

"Mwavita atachagua," alisema. "Ndiye aliyewalea. Na atakayesikia asirudie nchi kavu, hata kwa ndugu yake. Mkitaka kuninyima hilo, basi tusiende."

Wote watatu walikubali. Walilelewa vizuri, na wakati mwingine malezi mazuri ni mzigo.

Alhamisi walimjia shangazi mmoja mmoja, jikoni, akichambua mboga ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzila.

Asukulu alisimama mlangoni. "Shangazi, samaki yule ana meno. Baba akimpata, nani atamtoa ndoana na kumrudisha hai? Akifa mikononi, Baba hatasema. Nimemfundisha kutupa, lakini kumrudisha sikuweza kumfundisha kwenye majani." Kisha sauti ikashuka. "Niliambiwa nichote maji mtumbwini kwa kopo. Nalikumbuka kopo. Kingine sikumbuki. Nataka kujua kama nililala. Usiniandike kwa kunihurumia, Shangazi. Lakini ukiniandika sitakataa."

Faila aliketi akaanza kuchambua mboga naye. "Ningeweza kukushawishi, unajua ningeweza. Sitaki. Nasema tu kwamba bila mimi hakuna ziwa, na kule anayejua kuongea na rubani hali ya hewa ikiharibika ni mimi." Akakata mizizi kwa kucha. "Mchana ule nilikataa kubeba masufuria. Mama alinizaba kofi, nikapanda boti la jirani bila kumuaga. Hao wenzangu walikuwa naye mpaka mwisho, hata kama hawakumbuki. Mimi nina kofi. Nataka kujua kama alinitaja."

Mangaza alikuja na chupa za dawa mkononi, kwa kuwa ilikuwa imekaribia saa. "Wiki nzima ni kutia dawa mara ishirini na nane, Shangazi. Kaka na dada wanaweza kufundishwa, sisemi hawawezi." Akatazama saa. "Nilikuwa mgongoni kwake. Nilipofika ng'ambo nilikuwa kifuani kwa Baba. Mtu alinifungua. Nataka kujua ni mkono wa nani uliofungua fundo." Kisha akaenda kutia matone, dakika ile ile iliyotakiwa.

Mwavita alibaki na bakuli la mboga. Alifikiri habari ya kura, najua nanyi mmeifikiria, nimewaona mkinong'onezana. Lakini aliona kwamba kura ni njia ya kuiachia karatasi lawama yake mwenyewe. Alifikiri kuizuia safari, wote wakose sawasawa kama alivyozoea kukata mkate. Kisha akamwona kaka yake dirishani, akipapasa kitasa ambacho mwezi uliopita alikuwa akikiona, akaona haya kwa wazo hilo.

Alifikiri pia lile neno lililomponyoka mzee. Kama kweli kulikuwa na kuchagua kule majini, basi kuna mtoto ambaye jibu lake litamponya, na kuna mtoto ambaye jibu lake litamvunja, naye hakujua ni yupi. Huenda Asukulu alilala. Huenda Zabibu hakumtaja Faila. Huenda mkono uliofungua fundo ulikuwa wa Zabibu mwenyewe, na Mangaza atatembea na jambo hilo maisha yake yote bila ruhusa ya kumwambia mtu. Yule atakayepewa kiti, je, amepewa zawadi au mzigo? Mwavita aliona hata hilo hawezi kulijua, na bado Ijumaa itafika.

Ikafika. Karatasi ya Lyle ilikuwa mezani, nafasi moja ya jina, nafasi moja ya uzito. Mizani ya bafuni ilikuwa imeletwa sebuleni. Watoto walivua viatu, wakapanda wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akataja kilo zake kwa sauti ndogo, kisha wakarudi ukutani wakasimama. Mzee aliketi na mikono magotini. Hakuna aliyemtazama shangazi usoni, kwa huruma.

Saa sita kasoro robo Mwavita alifungua kalamu. Saa sita kasoro dakika mbili aliandika jina moja kwa herufi kubwa ili lisomeke, na kilo zake pembeni. Aliikunja karatasi kabla ya kuinua macho.

Mimi jina hilo nalijua, na hamtalipata kwangu. Mkono ulimjua samaki, ulimi ulilipata ziwa, na kumbukumbu iliyalinda macho. Ondoa mmoja wao, na hakuna safari. Kila mmoja ana swali lake, na kila swali lina miaka ishirini na miwili.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na ukishalitaja usikae chini kwanza. Wageukie wale wawili waliosimama ukutani bila viatu, wewe uliyewalea, uwaambie kwa nini si wao.